Mbao ya Lino na Shingo ya Medina

Jumanne, 3 Julai 1973
Sista Drateru wa hospitali ametuletea fremu ya chuma ya kumsimamishia mwanangu Medina. Anafungwa mikanda, anaegemea nyuma. Miaka mitano na hajawahi kusimama! Sista anasema tukichelewa magoti yatakunjika moja kwa moja. Leo robo saa. Hakulia. Ila anaona nini humo? Mabati ya paa tu.

Jumatano, 4 Julai
Mume wangu Umaru amerudi kutoka Koboko na fremu nyingine juu ya lori. Kazi ya Lino seremala — mbao tupu, mtoto anaegemea mbele, ana kimeza cha kuwekea mikono. Haboba, mama mkwe wangu, akaizunguka mara mbili. "Hii iko nyumba ya kuku," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Lino alimpima amelala, magoti yamekunjika, kwa hiyo kimeza kilimfika kitovuni. Umaru amekipandisha hadi kifuani.

Ijumaa, 6 Julai
Naipenda ya mbao, sifichi. Lakini humo kichwa kinaangukia kimezani. Sista alipita, akaona. Shingo iko legelege bado, anasema, ya chuma ndiyo salama. Jumatatu anataka jibu, kuna mtoto huko Pajulu anaisubiri hiyo ya chuma. Kichwa kikikaa juu dakika tano, tubaki na ya mbao. Kisipokaa, basi, ya chuma.

Jumapili, 8 Julai
Nimetikisa funguo, Haboba ameimba. Kichwa chini. Nikakasirika — na nani, sijui. Baadaye nikampa sukari kidoleni, akacheka, nami nikapona.

Jumatatu, 9 Julai
Medina yumo kwenye mbao. Haboba ametandaza maharage meza nzima, anachambua, kwa hiyo daftari nimeliweka kwenye kimeza cha mtoto. Kichwa chini kama jana.
Kimepanda! Anaangalia kalamu. Nimeacha — kimeshuka. Nimeandika — kimepanda. Basi naandika chochote. Medina, maharage, Koboko, Medina. Udenda umelowesha Koboko, haidhuru. Haboba ameshika saa ya Umaru. Dakika tatu, anasema.
Hodi. Ni Sista. Nimemkaribisha bila kuinua kalamu. Anauliza, "Mama Medina, unachagua fremu gani?" Haboba amemnyamazisha kwa mkono. "Ngoja kwanza. Iko dakika ine."
Shingo inatetemeka, macho yapo hapa kwenye wino. Ukurasa unaisha. Nageuza polepole, Medina, naandika tena, Medina, Medina, na