Baba Yako Hanipishi Njia

Mbeya

Baba Lugano,

Sisi wazima, na mahindi tumeshavuna. Kinachonichosha ni watembea kwa miguu wa Mwanjelwa. Napiga kengele ya baiskeli, mtu kainamia simu, nikimkosakosa ananiuliza kama sina macho.

Ila anayeniudhi kuliko wote ni baba yako. Anatembea katikati ya njia. Kwa mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe, kwa hiyo kila asubuhi nashuka kwenye baiskeli, najificha nyuma ya vibanda mpaka apite, kazini nachelewa. Zamani akiniona kwa mbali naye aligeukia pembeni. Siku hizi anakuja tu. Nikasema hicho ni kiburi.

Jana tulikutana ghafla kwenye kona, nikafunga breki miguuni pake. Akanielekezea uso, hakushtuka.

“Kijana, nivushe barabara.”

Akashika kiti cha baiskeli, nikamvusha kimya, asije akaijua sauti yangu.

“Asante, mwanangu. Kesho uningoje hapa.”

Haoni tena. Acha huo mgodi wa Chunya, uje umpeleke kwa daktari. Mpaka ufike, nitaendelea kuchelewa kazini.

Mama Lugano