Karibu Sana, Mgeni Wetu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika. Mimi mwilini sijambo. Baba naye anakula, anatembea, na tangu tufike hajalalamikia kitu hata mara moja. Wewe unamjua Baba, kwa hiyo najua hapo tu umeshaanza kuingiwa na wasiwasi.

Nakuandikia kwa sababu simu huku inakatikakatika, na hata ingeshika vizuri, haya nisingeweza kuyatamka.

Hoteli imezeeka, dada. Ile hoteli ya kazini kwake Baba aliyokuwa akitusimulia tukiwa wadogo, leo ghorofa ya juu imefungwa, bwawa la kuogelea limekauka na lina ufa wa kupitisha mkono, na kiyoyozi cha chumbani kwangu kinatiririsha maji kwenye ndoo ninayoimwaga mara mbili kwa siku. Vyuma vya baraza vimeliwa na kutu, wamefunga kamba na kibao cha kutuomba tusiviegemee. Wageni hatufiki kumi. Bahari tu ndiyo haijachakaa.

Unakumbuka nilivyoshupaa. Ulisema mtu aliyeanza kusahau asitolewe kwenye nyumba anayoijua, na daktari akasema hivyohivyo. Mimi nikasema mtu aliyetandika vitanda vya wenzake miaka thelathini na moja anastahili naye kulala juma moja kwenye kimojawapo. Ukaniachia, nami nikajiona nimeshinda.

Tulipofika, Baba alishuka garini, akanyoosha shati, akachukua begi langu, akaniambia karibu sana, mgeni wetu, na kuniuliza habari za safari. Nilicheka sana. Hata mama wa mapokezi, aliyeanza kazi hapa Baba akikaribia kustaafu, alicheka. Si unajua utani wake! Nikamuuliza kama chumba changu kinatazama bahari. Akanijibu kwamba vyote vinatazama bahari, ila changu kinaitazama zaidi.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi, akanitandikia kitanda, shuka ikakaza kama ngozi ya ngoma, akakunja taulo umbo la bata na kuliweka juu ya mto. Nami nikamwita kaka mhudumu, nikamwagiza sabuni. Akaleta. Tulicheza hivyo siku mbili nzima. Meneja akaniambia hajawahi kuona vyumba vikipangwa namna ile, akauliza kwa mzaha kama mzee atakubali kurudi kazini.

Siku ya tatu nikachoka. Nikamwambia Baba basi, tukae tunywe chai. Akasimama na taulo mkononi, akanieleza kwa upole kwamba mhudumu haruhusiwi kukaa na wageni. Nikamwambia mimi ni mwanao, kitinda mimba wako. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona nyumbani, akasema anao mabinti wawili, wapo kwa mama yao, na yule mdogo ni mtundu, halali mpaka baba yake atoke zamu. Kisha akaomba radhi, akaenda chumba cha pili. Mama yao huyo ndiye mama yetu tuliyemzika mwaka juzi.

Nilimwonyesha picha zetu. Akazisifu, akasema nina familia nzuri. Mama wa mapokezi alipojaribu kumkumbusha kwamba alishastaafu, Baba alianza kuuliza amekosa nini mpaka afukuzwe. Tukaacha. Tungefanya nini?

Sasa nikwambie nilichokuficha. Siku ile ya kwanza, alipoinua begi langu, nilimtazama machoni. Hakuwa anatania, dada. Nilijua palepale, nikacheka, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kukupigia simu na kukubali kwamba ulisema kweli. Nyumbani alikuwa bado ananiita kwa jina, walau asubuhi. Hapa nimemwitikia kama mgeni, na mgeni ndiye niliyebaki. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumamosi tulipaswa kurudi. Leo ameniuliza naondoka saa ngapi ili anibebee begi hadi garini. Yeye hawezi kuondoka, anasema, zamu yake haijaisha.

Njoo, dada. Ila ukifika usimkimbilie ukimwita Baba, atashtuka. Simama mapokezi na begi lako, umngoje akukaribishe. Nimewaza sana na sioni njia nyingine: labda tukiwa wageni wawili, tukimwomba vizuri, atakubali kutusindikiza mpaka nyumbani.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu wote kwa niaba yangu. Waambie babu yao anawakumbuka. Hilo nalo unisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
mgeni wa chumba namba tisa.