Kiti Chako Kimehama

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mdogo wangu ameota meno ya mbele ya ukubwani, nami nimekuwa wa pili darasani.

Baba mdogo alituletea ujumbe wako kwamba hutaki mkeo aoke mikate ya kuuza. Mama alimsikiliza, akamkaribisha chai, kisha akaenda kuomba leseni.

Juzi bwana afya alikuja kukagua sebule yetu, ambayo sasa ndiyo chumba cha kuokea. Alifungua oveni, akachungulia chini ya meza, akasifu sakafu. Halafu akasimama mbele ya kiti chako.

"Mama, chumba cha biashara hakitakiwi kuwa na vitu vya nyumbani. Hiki cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Basi akakikalie kwingine."

"Mwenyewe hajakikalia mwaka wa tatu huu," Mama alisema. "Kazi yetu ni kukipangusa vumbi tu."

Baba mdogo, aliyekuwa amejileta kushuhudia tukinyimwa, aling'aka. "Shemeji, kiti cha kaka hakitoki hapa!"

Bwana afya akafunika kalamu yake bila kutia saini. Basi nilikibeba mimi, Baba, na hakuna aliyenituma.

Leo leseni iko ukutani, na jina lililoandikwa ni la Mama peke yake. Mteja wa kwanza alikuwa baba mdogo. Alitaka mkate wa moto.

Kiti kiko chumbani kwangu, nimekikalia ninapokuandikia. Ukirudi nitakupa kwa mikono miwili, maana bado ninakungoja. Ila sebuleni hakirudi.

Binti yako wa kwanza