Kwa Baba Milimita wa Benchi la Nyuma

Leo mwaka umetimia tangu Alhamisi ile asubuhi ulipotuacha, ukiwa umeegemea mito mitatu kwa sababu kifua hakikukuruhusu tena kulala chali. Chai yako ilikuwa mezani, haijaguswa. Binti yako muuguzi alikushika kifundo cha mkono, akahesabu, kisha akaacha kuhesabu. Alikwenda dirishani akafungua pazia, na sisi wengine tukajua.

Mume, baba, babu, tunakuandikia hapa gazetini kwa kuwa hatukupata mahali pengine pa kusemea. Tangazo hili halikusomwa kanisani. Tuliomba, tukaambiwa lisubiri kikao.

Ulikuwa seremala kwa miaka arobaini na moja. Waliokuita kwa jina lako ni wachache. Wengi walikujua kama Baba Milimita, maana mteja akikuambia, "Fundi, hapo pametosha," wewe ulijibu, "Bado milimita moja." Penseli ilikaa sikioni, nawe ukaitafuta karakana nzima ukituuliza nani kaichukua, nasi tukikuacha uhangaike kidogo kwanza. Ulinukia gundi na vanishi hata Jumapili. Mkeo alisugua kola za mashati yako mpaka akasalimu amri.

Ulikuwa mtu wa sala, lakini si wa kupaza sauti. "Mungu hana tatizo la masikio," ulisema. Uliomba macho yakiwa wazi, kwa sababu, kama ulivyotueleza, ungeyafumba ungesinzia na msumeno ukizunguka. Kila asubuhi uliweka kiganja juu ya ubao wa kwanza wa siku, ukanyamaza kidogo, ndipo ukawasha mashine. Hatukuwahi kukuuliza ulikuwa unasema nini pale. Sasa tunatamani tungeuliza.

Mabenchi ya kanisa letu ni kazi ya mikono yako, yote thelathini na sita. Ulikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane. Ulipokwenda kuombea wagonjwa, ukikuta mlango unakwaruza sakafu, uliomba kwanza, kisha ukautoa kwenye bawaba ukaupiga randa. Mjane mmoja alikuwa akisema kwamba sala zako haziishi bila mtu kufagia.

Kisha akafa mwalimu wa kwaya.

Wapo waliotaka tuliruke hili. Tumekubaliana tusiliruke. Alikuwa na miaka thelathini na minne, akiishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la viatu. Aliwafundisha watoto wetu wote kuimba, hata wale ambao sauti zao zilikuwa za kusikitisha. Aliugua huzuni ambayo hakuna kati yetu aliyeiita ugonjwa. Jumatatu moja alijitoa uhai.

Baraza la wazee lilikaa siku hiyo hiyo, wewe ukiwa mmojawapo. Likaamua kanisa halitamzika. Mchungaji haendi, kwaya haiendi, na mzee yeyote asisimame kaburini kwake. Mlikuwa wazee tisa. Wanane waliinua mikono.

Sehemu hii naiandika mimi mkeo. Watoto wameniachia.

Ulirudi nyumbani mchana, ukakaa kitini bila kuvua viatu.

"Yule mama hana hata wa kumsomea mwanawe sala," ulisema.

"Baraza limeshasema."

"Limesema halitakwenda. Mimi ninaweza kwenda."

"Mwenzangu, usicheze na maneno. Watakutenga."

"Najua."

"Na mimi je? Nitawatazamaje wale wanawake?"

Ulishika kamba ya kiatu, ukaiacha. Kisha ukasema, "Twende wote. Hutalazimika kusema kitu. Simama tu karibu na yule mama."

Sikwenda. Nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinauma, nawe ulijua, ukaniletea maji ya kunywa kabla hujatoka. Nisamehe kwa hilo. Nilitakiwa kukuomba msamaha zamani, ukiwa bado unaweza kunijibu.

Uliingia karakana ukamtengenezea jeneza kwa mbao ulizokuwa umeziweka kwa ajili ya kabati letu la nguo. Kesho yake saa nne mlisimama kaburini watu sita, pamoja na wachimbaji. Ulisoma sala zote za mazishi, hukuruka mstari. Halafu, wewe ambaye mwalimu mwenyewe alikuwa amekuomba kwa heshima usiimbe karibu na kwaya, ukaimba peke yako wimbo aliowafundisha watoto. Wewe hukutueleza haya. Alitueleza mama yake.

Jumapili iliyofuata jina lako lilisomwa mbele ya kanisa zima. Uliondolewa kwenye uzee wa kanisa, ukatengwa na Meza ya Bwana mpaka utakapotubu. Ulisikiliza umesimama. Walipomaliza ulichukua Biblia yako kwenye kiti cha mbele, ukatembea njia ya katikati mpaka benchi la mwisho karibu na mlango, ukakaa hapo.

Ulikaa hapo miaka sita.

Mwanao fundi umeme alikujia juu. "Baba, makanisa yamejaa mji mzima. Kwa nini ujidhalilishe pale?"

"Nikihama watasema nimegombana na Mungu," ulimjibu. "Sijagombana naye. Nimetofautiana na kikao."

Tulicheka siku ile. Haikuwa ya kuchekesha. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu walipoinuka kwenda mezani, wewe ulibaki umekaa, mikono juu ya magoti. Waliokaa benchi lako walihama mmoja mmoja, si kwa chuki, ni kwa kutojua waangalie wapi. Mimi niliinuka. Nilitoka benchi la tatu na wenzangu, nikala, nikanywa, nikarudi kukaa bila kugeuza shingo. Nyumbani hukunilaumu hata siku moja. Uliniuliza nimeyaelewaje mahubiri, kana kwamba wewe hukuwapo, kwa sababu ulijua napenda kueleza.

Jumatatu zako zilikuwa za mama yule. Ulimrekebishia dirisha, ukamwekea rafu, na kitu kilipokosekana cha kutengeneza, mlikaa tu. Alisema ninyi wawili mngeweza kukaa saa nzima bila neno, na kwamba hiyo ndiyo saa pekee ya wiki ambayo hakuhisi anatazamwa.

Kuanzia hapa tunaandika wote tena. Kifua kilianza kama mafua. Vumbi la mbao la miaka arobaini lilikuwa limekaa ndani, likisubiri. Binti yako alikwenda nawe kwa daktari, na mliporudi alijaribu kukueleza kwa lugha ya karakana.

"Baba, mapafu yamekuwa kama msasa."

"Wa namba ngapi?" ukauliza.

Alitoka nje akalia, akarudi akakutengenezea dawa.

Jumanne, siku mbili kabla hujafa, saa tisa alasiri, mchungaji alikuja. Alikuja na kile kimkoba chake cha kikombe na mkate, na karatasi ndani ya bahasha. Tunataka kusema kwa haki kwamba hakuja kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu tangu mlangoni.

"Mzee, nimekuja kukurudisha," alisema.

"Karibu, Mchungaji. Kaa kiti hicho cha kulia. Hicho kingine mguu wake unataka gundi."

Karatasi ilikuwa na mistari minne. Ilisema ulikosea, unajuta kumsomea sala mwalimu wa kwaya, unaomba radhi kwa kanisa. Chini iliachwa nafasi ya sahihi. Uliisoma mara mbili, ukiishika mbali na macho.

"Hapa pameandikwa najuta."

"Ndiyo, Mzee."

"Najuta mengi. Najuta kwamba nilimwona yule kijana akikonda mwaka mzima na sikumuuliza ana nini. Niandikie hilo, nitatia sahihi sasa hivi."

"Hilo si kosa la kikanisa."

"Lingefaa liwe."

Mchungaji akainamisha kichwa. "Mzee wangu, sheria hizi sikuzitunga mimi. Sahihi moja tu, nikupe mkate. Usiondoke mikono mitupu."

Ulikohoa mpaka mkeo akaleta beseni. Pumzi iliporudi ulisema taratibu, kipande kwa kipande. "Naupenda huo mkate. Usidhani siutaki. Miaka sita nimeutaka. Lakini nikimkana yule marehemu ili niupate, nitakuwa nimekula nini?"

Mkeo hakuweza kuvumilia. "Tia sahihi, mwenzangu. Mungu anaujua moyo wako."

"Kama anaujua, karatasi ya nini?"

Mchungaji alirudisha kikombe kwenye mkoba, akakushika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatoka analia waziwazi. Pale nje gari lake lilikataa kuwaka. Tukamsikia akijaribu, akijaribu, nasi tumekaa chumbani mpaka likawaka.

Katika matangazo kama haya watu huandika kwamba mpendwa wao aliondoka kwa amani. Hatutaandika hivyo, kwa sababu wewe hukupenda kazi ya kufunika ufa kwa rangi. Uliogopa. Jumatano ulimshika binti yako mkono, ukamuuliza kwa sauti tuliyoisikia wote, "Nikifika huko nikakuta wao ndio waliokuwa sahihi, je?"

Alikuwa amekaa na wengi wanaokufa, anajua maneno ya kuwaambia. Kwako yalimwishia.

"Sijui, Baba."

"Basi tuko wawili," ukasema, na hukumwachia mkono mpaka ulipolala.

Mlango wa kanisa haukufunguliwa siku ya mazishi yako. Kwaya haikuja. Mwenzako wa karakana, yule fundi rangi, alikutengenezea jeneza kwa siku moja huku akilia, na kifuniko kikaacha upenyo upande wa kushoto. Ungekiona ungeagiza kirudiwe. Mwanao alikwenda kwa wachungaji watatu wa makanisa mengine, na kila mmoja alidai kwanza barua kutoka kanisa letu. Barua hiyo tungeipata wapi?

Kwa hiyo mkeo alichukua kitabu. Alifika mstari wa pili, herufi zikaanza kuogelea. Mama wa mwalimu wa kwaya, ambaye hajui kusoma, alisogea akamshika kiwiko, akasema, "Kifunge tu, dada." Kisha akaomba yeye, hivi na si zaidi: "Bwana, huyu alisimama na mwanangu wakati hakuna aliyesimama. Sasa simama naye." Tukaitika amina. Yote yalichukua dakika kumi na mbili. Mwanao aliangalia saa, hata yeye hajui kwa nini.

Hatukuficha huzuni yetu mwaka huu na hatutakudanganya kuhusu imani yetu. Binti yako hasali tena, na ameturuhusu tuandike hivyo. Mwanao anasali kwa hasira. Mkeo anafika mpaka geti la kanisa Jumapili, anasimama, anarudi. Anaomba nyumbani, akipika, akifua, na siku nyingi anahisi anaongea na ukuta. Anaendelea kuomba.

Mwezi uliopita baraza lilileta barua. Familia ikitia sahihi kwa niaba yako, jina lako litarudishwa kwenye daftari la washirika, na leo hii ingefanyika ibada kamili ya kumbukumbu, na kwaya. Tulikaa sebuleni Jumamosi alasiri nzima tukibishana. Mdogo wako alitaka tutie sahihi. "Marehemu haumizwi na karatasi," alisema, "na sisi tulio hai tutapumua." Alikuwa na hoja. Mkwe wako naye alikuwa upande wake, na hatuwalaumu. Sisi sote tumechoka kupitwa barabarani na watu waliokula kwetu.

Mkeo alisikiliza mpaka wote wakaishiwa. Kisha akasema, "Mimi nilimwacha aende peke yake akiwa hai. Sitamwacha tena akiwa kaburini." Akachukua barua mezani, akairudisha kwenye bahasha, na asubuhi ya Jumatatu akaipeleka mwenyewe ofisini kwa mchungaji, ikiwa haina sahihi. Mchungaji aliifungua, akatazama nafasi ya sahihi, akairudisha ndani ya bahasha.

Kwa hiyo hatuna ibada ya kutangaza. Saa kumi leo tutakwenda kaburini kwako, tutakaa hapo mpaka jua lipungue, anayeweza kusema atasema. Anayetaka kuja na aje. Hataulizwa anasali wapi.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako muuguzi na mumewe. Mwanao fundi umeme na mkewe. Wajukuu zako wanne, akiwemo huyu mdogo ambaye ulikufa kabla hujambeba. Mdogo wako, ambaye ameomba jina lake lisiondolewe hata baada ya ubishi. Shemeji zako. Fundi rangi wa karakana. Na mama wa mwalimu wa kwaya, tunayemhesabu wa ukoo.

Tutakukumbuka mpaka nasi tutakapokuwa wa kukumbukwa.