Bei ya Timu ya Pweza

Jumanne, 15 Septemba 1992

Jezi kumi na nne zimekauka. Namba saba imepasuka kwapani, tena. Mwanahawa hataki kuishona. Anasema kamba yake ya nguo imegeuzwa uwanja wa mpira na yeye hakuolewa na timu. Ana haki. Mke wa katibu ndiye dobi wa timu, na hakuna mkutano uliompigia kura.

Ghala la ushirika bado limefungwa. Mwezi wa nne huu. Miaka kumi na tisa nimepima korosho pale. Leo naandika haya nyuma ya karatasi za mizani zilizobaki. Soko huria, wanasema. Sawa. Mizani ya Bwana Hemedi, mnunuzi binafsi wa Lindi, imeshatundikwa barazani kwa Mzee Bakari, na msimu haujaanza.

Mazoezi jioni. Wamekuja tisa. Wengine wako baharini.

Alhamisi, 17 Septemba

Mzee Bakari, mwenyekiti wetu, kaniita. Nilidhani ni habari ya nauli ya lori. Kumbe Bwana Hemedi anataka kuinunua Pweza.

Kuinunua. Nilimwambia arudie. Akarudia, huku anachezea kofia yake.

Laki tatu. Timu ihamie Lindi mjini, ibadilishwe jina, ichukue nafasi yetu kwenye ligi ya mkoa. Mkutano wa wanachama Jumapili ya tarehe 27. Mimi niandike thamani ya timu nikaisome mkutanoni, maana mimi ndiye karani, nimezoea kupima.

Nimekasirika tangu pale mpaka sasa. Na katikati ya hasira kuna kitu kingine, nakiandika hapa kwa kuwa hasomi mtu: nimefurahi kuombwa kupima kitu. Miezi minne hakuna aliyeniuliza uzito wa chochote.

Ijumaa, 18 Septemba

Baada ya swala watu hawana habari nyingine. Ati redio imesema mchezaji mmoja kanunuliwa huko Italia kwa fedha za kuinunua Kivinje yetu nzima na mikoko yake. Mmoja akasema basi mchezaji huyo na aje atutengenezee barabara.

Nami nimefikiri njiani. Timu ya ligi ya wilaya bei yake ni chai na maandazi baada ya mechi. Timu ya mkoa ni nauli ya lori, na fungu la kamati ya ufundi, yaani la mganga, ambalo haliandikwi. Daraja la kwanza, basi na posho. Zile kubwa za Dar zina majumba na wanachama mpaka vijiji visivyo na redio. Italia, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini vijana ni kumi na mmoja kote. Goli lina miti mitatu kote. Mwezi wa saba Pweza hakuna aliyeitaka hata bure. Vijana wakawafunga Masoko moja bila, tukapanda ligi ya mkoa, na Hemedi kaja. Angeanzisha timu yake angesota wilayani miaka mitatu, minne. Hanunui wachezaji huyu. Ananunua nafasi yetu kwenye foleni.

Jumapili, 20 Septemba

Bwana Hemedi kanifuata nyumbani. Kijana wa miaka thelathini na kitu, ana adabu zake, shikamoo mbele. Kakaa kwenye mkeka wakati kiti kipo. Mwanahawa akapenda.

Maneno yake mafupi. Timu ikienda Lindi itahitaji meneja wa kulipwa mshahara, na nyumba ya vyumba viwili. Meneja huyo ni mimi. Ila niwaonyeshe wanachama kwamba laki tatu ni nyingi. "Mzee Nassoro, wewe unajua korosho hafifu," kasema. "Andika hafifu."

Sikumjibu ndiyo. Wala sikumfukuza. Nimemsindikiza mpaka kwenye gari lake na nimemshukuru kwa sukari aliyoleta.

Naona haya.

Jumanne, 22 Septemba

Nimeorodhesha mali. Jezi kumi na nne. Mipira miwili, mmoja una kiraka. Nyavu za goli, kazi ya wavuvi wetu. Pampu. Filimbi. Kombe.

Kombe halipo.

Nimefungua sanduku mara tatu kama mwendawazimu. Kisha nikakumbuka, nikakaa chini.

Msiba wa Mzee Mfaume, mwaka jana, baada ya Idi. Ndiye aliyeianzisha Pweza, ndiye nahodha wa kwanza. Tuliweka kombe na mpira wake wa zamani barazani karibu na jeneza. Watani wetu wa jadi, wenye ruhusa ya mzaha hata msibani, wakaja kutoka Kiranjeranje, mbele yao Bi Somoe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mnadani. Kafanya vituko vyote vya mtani msibani: kavaa kanzu ya marehemu, kamlaumu maiti kwa kufa bila kumuaga. Mwisho kakamata kombe na mpira. "Timu hii nimeichukua! Ni yangu! Mkiitaka njoni mnikomboe kwa jogoo na doti ya khanga!" Mzee Bakari katikati ya machozi kacheka, kamjibu, "Ichukue, Somoe, na vilema wake wote!" Watu wote walisikia.

Kitu alichochukua mtani msibani ni chake mpaka kikombolewe. Hilo hata mtoto anajua. Na ilikuwa kazi ya katibu kwenda kukomboa. Nikaona upuuzi. Mimi mtu wa mizani na mihuri, nibebe jogoo hadi Kiranjeranje kwa ajili ya mzaha? Sikwenda. Wala kwenye kitabu cha timu sikuandika. Naandika mpaka idadi ya malimao ya mapumziko, hilo nikaliruka.

Nimemwambia Mwanahawa. Kasema, "Kiburi chako hicho." Kisha kaenda kukamata jogoo.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimerudi leo, viungo vyote vinauma. Jana nilipanda lori la chumvi mpaka Kiranjeranje na jogoo kwapani. Nilimkuta Bi Somoe shambani anavuna mbaazi. Kombe liko kwake ndani, amewekea mbegu za ufuta. Mpira anakalia akipepeta.

Alimshika jogoo miguu, akamwinua, akamgeuza. "Huyu kifaranga kavaa koti la baba yake. Mrudishe akue." Doti ya khanga hata hakuikunjua. Mke wa jirani yake kacheka mpaka kaangusha ungo. Nilifura. Lakini mtani hakasirikiwi, nikameza.

Akauliza mbona nimekuja sasa, mwaka umepita. Nikamwambia kweli. Hemedi, laki tatu, Lindi, jina jipya. Habari ya umeneja sikumwambia. Akaacha kucheka. Akauliza mkutano siku gani. Nikamtajia. Akasema nyote mlivyo wachache wa akili, lete kikapu nikupe mbaazi.

Nimerudi na mbaazi, khanga na jogoo. Kombe sina.

Bi Somoe asipocheka, mimi naogopa.

Jumamosi, 26 Septemba

Tangu asubuhi natafuta thamani. Nimeandika karatasi mbili.

Ya kwanza ya kweli kwa namna ya mizani: vifaa, nafasi ya ligi, wachezaji watatu wanaoweza kucheza popote. Inapita laki tatu. Ya pili ni hafifu, kama alivyotaka Hemedi. Hata hiyo si ya uongo kabisa. Ukitaka kuona ubaya wa timu hii utauona. Kipa haoni vizuri jua likiwa mbele. Uwanja unaliwa na maji ya bamvua.

Na zote mbili naona zimekosa kitu. Korosho ukitaka kujua kiini chake unaikata. Nimekata maelfu. Ila iliyokatwa haioti tena, na hilo halikuwa na safu kwenye fomu yetu. Niandike wapi kwamba Jumapili ya mechi Kivinje nzima, Mmatumbi na Mmachinga, mwenye deni na mdai wake, wanakaa kwenye gogo moja? Niandike shilingi ngapi kwa Mzee Mfaume, aliyeuza baiskeli yake anunue mpira wa kwanza?

Halafu najiambia: Nassoro, wacha mashairi. Unga umebaki wa siku mbili. Miaka hamsini na moja, hakuna ghala litakalofunguliwa kwa ajili yako. Nyumba ya vyumba viwili Lindi. Mshahara.

Karatasi ya kweli nimeitia mfuko wa kulia wa kanzu. Hafifu, wa kushoto. Sijui nitatoa ipi. Wallahi sijui.

Jumapili, 27 Septemba

Mkutano. Niandike kwa utaratibu kabla sijalala.

Wanachama arobaini na kitu, kwenye uwanja wa shule. Bwana Hemedi kakaa meza ya mbele. Mzee Bakari kaeleza. Hakuna aliyetaka kuuza, niliwaona nyuso. Na hakuna aliyethubutu kukataa, kwa kuwa mwezi ujao kila mmoja atapeleka korosho zake kwenye mizani ya mtu yuleyule. Nani atamwambia hapana leo, halafu kesho amwombe bei nzuri?

Nikaitwa kusoma. Nikasimama. Mkono wangu, naandika bila kujificha, uliingia mfuko wa kushoto.

Ndipo vikasikika vigelegele vya mtu mmoja. Bi Somoe. Kombe kichwani, limejaa ufuta, mpira wa Mzee Mfaume chini ya kwapa, amevaa viatu vya mpira vya mwanamume. Kaingia mpaka katikati. "Nani anauza timu yangu? Wezi nyinyi! Mimi nimeacha mbaazi shambani, nasikia mali yangu inanadiwa!"

Watu walilipuka. Wazee waliinama kwa kicheko. Hofu yote iliyokuwa pale ikatoka kama upepo kwenye mpira.

Bwana Hemedi hakucheka. Akataka atolewe nje. Hakuna aliyenyanyuka; nani amtoe mtani? Basi akabadili, akamwuliza kwa heshima, "Mama, basi wewe unataka shilingi ngapi?"

Bi Somoe akamtazama kutoka kofia mpaka kiatu. "Haiuzwi hii, mwanangu. Inakombolewa. Na anayekomboa ni mfiwa. Siku tunamzika Mfaume, wewe ulilia upande gani?"

Macho yote yakaenda kwa Hemedi.

Hemedi akanigeukia mimi. Kafanya hesabu vizuri yule, anajua nani ana kalamu. "Katibu. Haya ni maigizo au ni kweli? Yameandikwa kwenye kitabu?"

Kitabu kilikuwa mkononi mwangu. Hayakuandikwa. Neno moja tu, hayakuandikwa, na Bi Somoe angebaki kichekesho, timu ingeuzwa, nami ningehama mwisho wa mwezi. Na lingekuwa neno la kweli.

Nikasema: hayakuandikwa kwa sababu ya kiburi changu. Nilikuwapo msibani. Nilisikia. Mwenyekiti aliitika mbele ya maiti. Jumatano nilikwenda na jogoo kukomboa nikakataliwa. Kisha nikakaa chini, nikaomba wino, nikaandika palepale, nikasoma kwa sauti: timu ya Pweza iko kwa mtani wake wa Kiranjeranje, haijakombolewa, kwa hiyo wanachama hawana cha kuuza. Mzee Bakari akatia sahihi. Kodi ya baraza lake nayo iko mashakani. Akatia.

Bwana Hemedi aliondoka. Alipita mbele yangu. Shikamoo hakuna.

Mwanahawa alikuwa nyuma, pamoja na wanawake wengine. Njiani nikamwambia nyumba ya Lindi ndiyo imekwenda. Akasema, "Vyumba viwili vya kufagia." Kisha akalia kidogo.

Nasikitika. Sijutii. Ni vitu viwili, na leo nimeijua tofauti yake.

Jumatano, 30 Septemba

Unga umekwisha. Tumekula mbaazi za Bi Somoe. Mizani ya Hemedi haijaondolewa barazani kwa Mzee Bakari. Biashara ni biashara, inaonekana.

Karatasi zote mbili nimewashia moto wa chai. Ile ya kweli haikuwaka vizuri zaidi ya ile nyingine.

Jumapili, 18 Oktoba

Mechi ya kwanza ya ligi ya mkoa. Sare, bila kwa bila. Kipa aliwekwa upande wenye kivuli kipindi cha kwanza, nikaomba mawingu kipindi cha pili, yakaja.

Habari zimefika kwamba Bwana Hemedi kanunua timu nyingine, mji mwingine. Imekwisha badilishwa jina. Wanasema kalipa zaidi ya laki tatu. Nimepata vibarua vya kuandika hesabu za duka la samaki, siku tatu kwa juma. Si mshahara, ni chumvi ya mboga.

Mzee Bakari kauliza kama tupange siku ya kwenda kukomboa kombe, jambo liishe. Nimemwambia tutaangalia. Kanitazama, kisha kacheka polepole, hakuuliza tena.

Mwanahawa ameishona namba saba bila kuambiwa. Uzi mwekundu, alikuwa hana wa buluu.

Jogoo leo asubuhi kawika mara ya kwanza, sauti imempasuka katikati. Mwanahawa kaniuliza sasa nampeleka lini Kiranjeranje. Nimemwambia bado mdogo.