Ngazi za Mama Handakini

Kiirua, Jumapili

Mama mpenzi, nakusalimu kutoka kwenye baridi ya mlima.

Leo nilimtembeza mbwa wetu Bobi kando ya lile handaki mlilochimbishwa na wakoloni ili kuzuia wapiganaji wa msituni. Akafukuza sungura, akatumbukia.

Mlinzi wa hifadhi akacheka. “Dada, huyo msahau. Humo hakuna anayetoka!”

Nikatafuta karibu na jiwe uliloniambia, nikafyeka majani, nikaziona ngazi ulizochonga kwa siri kwenye ukuta wa handaki ili mjomba avuke kutoka msituni kuja kula. Bobi akazipanda mbio.

“Nani alizichonga hizi?” mlinzi akauliza.

“Mama yangu!” nikajibu, kifua mbele.

Hali ya Hatari ya wakoloni imekwisha, Mama; siri yako si kosa tena. Mdogo wangu Kinya akusomee kadi hii kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Mungu akutunze.

Mwanao, Karimi