Muzee Alikufa mu Épisode ya Tatu

Siku ya yenga, dimanche 1 juin

Épisode ya tatu ya comédie yetu, Rédaction Yetu, imepita ku télé! Batu balicheka mpaka kwa ule mama muuzaji wa makaa. Na scène yangu ndiyo balipenda: mimi, présentatrice wa haraka-haraka, nachanganya karatasi ya kifo na ya ndoa. Nilisoma bila kucheka hata kidogo: « Famille iko na furaha kubwa ya kuwatangazia kifo cha muzee Nzanzu Syauswa, mwalimu wa zamani, Bulengera. Munaombwa kuvaa bleu. »

Josaphat, directeur wetu, alicheka mpaka machozi. Anasema tukiendelea vile, tutafika épisode kumi na mbili. Kumi na mbili! Mimi Keren, musomaji wa communiqués ya bifo, sasa ni comédienne!

Siku ya kwanza, 2 juin

Mungu wangu. Nzanzu Syauswa iko, mutu wa kweli, muzima!

Mwalimu wa zamani. Bulengera. Anaishi nyuma ya kanisa. Timothée, mwandishi wetu, anaapa: alichukua jina moja huku, lingine kule, akaona mutu wa vile hawezi kuwa. Mu Butembo hii! Ita Nzanzu mu soko uone wanaume wangapi banageuka.

Asubuhi batu balifika kwake na kuni na masufuria. Chorale ilivaa bleu, kama nilivyosema. Muzee alifungua mulango na brosse ya meno mu kinywa. Baliimba ubeti muzima kabla ya kumuona.

Na kosa ni yetu. Ile studio, ile meza, hii sura yangu — ndiyo inatangaza bifo bya kweli kila jioni. Batu batajuaje?

Siku ya pili, 3 juin

Josaphat ameandika démenti, karatasi ya kusema muzee hakufa. Nisome leo jioni, ao Rédaction Yetu inakufa. Hii kifo, ya kweli.

Nilienda kwanza kuomba pardon kwa muzee. Nilifikiri atanipiga na fimbo. Mais hapana! Alinipa chai, akafunga mulango.

Iko na binti mumoja, Adèle. Aliolewa Beni kwa Bakatoliki, na muzee, mudiakoni wa Baprotestanti, alikataa kuenda ku ndoa. Miaka tatu sasa hawasemeshani. Akimupigia simu, binti anakata. Donc jana habari ya kifo ilifika Beni — na Adèle anakuya kesho kumuzika. Muzee amewaomba majirani bote banyamaze. Na bamenyamaza! Bulengera!

— Keren mwanangu, usisome ile karatasi. Niache nife mpaka kesho.

— Lakini tata, ule mutoto iko analia!

Akasema hii tu: hata yeye, siku ya ile ndoa, alilia.

Jioni nilisoma communiqués yote. Ya mwisho, ile démenti... nilikohoa. Nilikohoa vizuri sana, mpaka générique ya mwisho ikaanza. Josaphat alikuwa nyuma ya kioo, mikono ku kichwa.

Siku ya tatu, 4 juin

Basi, imekwisha. Épisode ya ine hakuna. Épisode tatu tu! Timothée ameniuliza kama nilikohoa kweli. Nikasema ndiyo. Halafu nikalia ndani ya choo ya studio, juu ya zile épisode tisa zangu. Niko na hasira, na sijui nimukasirikie nani.

Saa nane. Niko naandika mu jikoni ya muzee, nyuma ya karatasi ya scénario. Yeye amenyoa ndevu, amevaa costume. Tangu asubuhi ameangalia ile barabara, chai imepoa.

Pikipiki imesimama!

Ni Adèle. Anashuka anapiga kelele: « Tata! Tata wangu! » Muzee amesimama, amekamata mulango... ameuacha. Amekimbilia huku jikoni! Iko nyuma yangu, ameinama asionekane. Nasema: toka, tata! Ananong'ona: « Sema wewe kwanza. Si wewe ulisema nilikufa? »

Adèle ameingia. Ameniona. Ananijua, bila shaka — sura ya communiqués! Macho yamevimba, kitambaa kimejaa vumbi ya Beni. Ananishika bega, anauliza pole-pole:

— Dada, mwili iko wapi?

Na mwili umenikanyaga muguu.